Marehemu Mzee Rashidi Mfaume Kawawa na Kura ya Mtu wa Kazi

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi, wanachama watasoma habari za ghala, mizani, mikopo na malipo ya mazao. Tumeona yafaa kuweka pia habari za maisha ya mtu mmoja ambaye hakuwa mwanachama wetu, wala hakushika kazi yoyote katika Chama chetu. Mtu huyo ni marehemu Mzee Rashidi Mfaume Kawawa. Kaburi lake liko katika viunga vya mji wa Dar es Salaam, huko Madale, Kinondoni, na mambo aliyoyatenda yaligusa kura ya kila mfanyakazi na kila mkulima wa nchi hii.

Hatuandiki ili kumsifu tu, wala hatuandiki ili kumlaumu. Kila mwaka wanachama wetu hukutana katika Mkutano Mkuu na kupiga kura juu ya viongozi, makato na masharti ya Chama. Kabla ya kura huja maneno, na mara nyingi maneno hayo ni matamu kuliko jambo lenyewe. Maisha ya Mzee Kawawa yanaonyesha vizuri jinsi watu wa kazi wanavyoshawishiwa, kwa kuwa yeye alipata kusimama kila upande wa jambo hilo. Aliwahi kucheza katika picha za sinema zilizotengenezwa ili kuwaelekeza watu. Baadaye aliwaongoza wafanyakazi katika siku ambazo walipambwa kwa maneno ya usawa huku kura wakinyimwa. Mwishowe alishika madaraka, na serikali aliyoiongoza nayo ikaleta kwa wafanyakazi sheria zenye faida upande mmoja na hasara upande wa pili.

UTOTO NA MASOMO

Rashidi Kawawa alizaliwa tarehe 27 Mei 1926, katika nchi ya Songea. Baba yake, Mzee Mfaume, alikuwa mwindaji wa tembo, na kazi hiyo iliwahamisha watu wa nyumba yake huku na huko katika nchi ya kusini. Kijana alisoma Liwale, kisha akaletwa Dar es Salaam, na mwisho akaingia shule ya serikali ya Tabora, ambayo wakati huo ilikuwa mlango wa kupitia vijana wengi waliokuja kuwa makarani, walimu na viongozi wa Tanganyika.

Alipomaliza masomo aliajiriwa serikalini kuwa karani, na baadaye akahamia katika idara ya ustawi wa jamii. Hapo alifanya kazi ya kuwaelimisha watu wazima, akajifunza jambo ambalo karani wa mezani halijui, nalo ni namna ya kusema na mtu asiyesoma hata akakuelewa na kukuamini.

KATIKA PICHA ZA SINEMA

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni moja ya Afrika ya Kusini kutengeneza picha za sinema kwa lugha ya Kiswahili, zikichezwa na Waafrika wenyewe. Kijana Kawawa alichaguliwa kuwa mchezaji mkuu. Picha iliyomtia katika midomo ya watu ni Muhogo Mchungu, habari za mtu wa shamba ajaye mjini akakutana na wajanja. Alicheza pia katika Chale Anarudi na Meli Inakwenda. Watu walicheka sana, nao walimpenda.

Hata hivyo picha zile hazikuwa za kuchekesha tu. Serikali iliona vijana wengi mno wakiacha mashamba na kuja kutafuta kazi mjini, nayo haikupendezwa. Mtazamaji aliondoka akiwa ameona kwa macho yake kwamba mji ni mahali pa kudhulumiwa. Ni kweli kwamba wajanja walikuwako. Lakini mshahara mdogo haukuwa kazi ya wajanja wa vichochoroni, nao ndio uliomtesa zaidi mtu wa kazi. Basi ndivyo ushawishi ufanyavyo mara nyingi. Haulazimiki kusema uongo. Hutosha kuonyesha sehemu moja ya kweli na kuifunika nyingine. Mtu aliyejua jinsi picha zinavyotengenezwa alikuwa katika nafasi njema ya kulitambua hilo.

KIONGOZI WA WAFANYAKAZI

Akiwa bado mtumishi wa serikali, Kawawa aliingia katika chama cha Waafrika walioajiriwa na serikali, akapanda hata kuwa kiongozi wake. Mwaka 1955 vyama mbalimbali vya wafanyakazi viliungana na kufanya Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, lililojulikana kwa herufi tatu za TFL, naye akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya serikali. Watumishi wa serikali walikatazwa kuingia katika siasa, na yeye alitaka kuwa huru kuutumikia umma na kujiunga na TANU.

Siku zile wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam walikaa Ilala, Magomeni, Temeke na vijiji vya kando ya mji, ambako wengine walilima muhogo na mpunga ili kuongezea mshahara usiotosha. Mwezi wa Desemba 1956 watumishi wa nyumbani na wa mahoteli waligoma. Mwaka 1957 serikali ikaweka kiwango cha chini cha mshahara kwa mji wa Dar es Salaam. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma, watu waliombwa waisusie bia, nao wakaisusia. Katika mambo hayo yote TFL ilijifunza kusema na mtu mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, kwa kuwa haikuwa na fedha za matangazo.

KURA TATU

Ndipo ukaja uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, uliofanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Hapana budi tueleze mpango wake, maana ndani yake mna fundisho kubwa.

Tangu mwaka 1955 viti vya wajumbe wasio wa serikali viligawanywa sawasawa: kumi vya Waafrika, kumi vya Waasia na kumi vya Wazungu. Mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Asipofanya hivyo kura yake iliharibika. Mpango huu uliitwa wa usawa na ushirikiano wa rangi. Mwaka 1956 kilianzishwa chama cha UTP, kwa kutiwa moyo na Gavana Twining, ili kuueneza. Chama hicho kilihubiri urafiki wa watu wote na maendeleo ya polepole.

Nani angeweza kuchukia urafiki wa watu wote? Neno lilikuwa zuri, na hapo ndipo ilipokuwa hila yake. Waafrika wa Tanganyika walikuwa zaidi ya milioni nane, na Wazungu walikuwa wapatao 20,000, lakini kila upande ulipewa viti kumi. Usawa huo ulikuwa wa viti, si wa watu. Kadhalika, haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, cheo au kipato. Sharti la kipato lilikuwa pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au shilingi 250 kwa mwezi. Mshahara wa kima cha chini mjini haukufikia hata nusu ya fedha hizo. Kwa hiyo mpagazi wa bandarini, mpishi na mfagiaji wa Temeke aliambiwa habari za usawa, na huku hakuwa na kura.

Mwezi wa Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake wa mwaka mjini Tabora. Wengi walitaka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe waukubali mpango huo mbovu ili waushinde ukiwa ungali uleule, na mkutano ukakubali. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka na kuanzisha chama kingine. TANU iliwaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu waliokubaliana nayo, na matokeo yakawa kushindwa kabisa kwa UTP, ambayo haikuchukua muda ikatoweka.

Kawawa alikuwa ameingia katika Baraza hilo kwa kuteuliwa tangu mwaka 1957, nako alikuwa mtu wa kusemea wafanyakazi. Mabango ya UTP hayakushindwa na mabango mengine makubwa zaidi. Yalishindwa kwa sababu watu wa TANU na wa vyama vya wafanyakazi walikwisha kuwaeleza wenzao hesabu ya viti na hesabu ya shilingi, na hesabu hizo kila mtu aliweza kuzihakikisha mwenyewe.

ALIPOSHIKA MADARAKA

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili akaimarishe chama, na Rashidi Kawawa akashika mahali pake. Yule aliyekuwa Katibu Mkuu wa wafanyakazi sasa alikuwa mkuu wa serikali, na wafanyakazi walikuwa na matumaini makubwa.

Baadhi ya matumaini hayo yalitimizwa. Mwaka 1962 kima cha chini cha mshahara kilichunguzwa na kuongezwa, na sheria ya kazi ikarekebishwa ili mtu aachishwaye apate malipo. Mambo hayo yalitangazwa sana, na ilistahili yatangazwe. Lakini mwaka huohuo zilipitishwa sheria nyingine. Moja iliagiza kwamba magomvi ya kazi yapelekwe kwa wasuluhishi na baraza la hukumu, hata mgomo wa halali ukawa kama hauwezekani. Nyingine iliipa serikali mkono mkubwa zaidi ndani ya vyama vya wafanyakazi. Na ilikuwako sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani. Viongozi kadhaa wa wafanyakazi walipinga, hasa Kasanga Tumbo wa chama cha reli.

Januari 1964 askari waliasi, na baada ya maasi hayo viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa. TFL ikavunjwa. Mahali pake pakawekwa chama kimoja tu, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Mwaka uleule ulianzishwa mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi. Tena faida ilikuwa ya kweli. Mzee wa kazi aliyestaafu alipata kitu. Lakini mfanyakazi aliyekuwa akimchagua kiongozi wake mkuu kwa kura sasa alimpokea kutoka juu.

Tusimhukumu Mzee Kawawa kana kwamba alikuwa peke yake, wala kana kwamba alitenda kwa tamaa. Nchi ilikuwa changa na maskini, na viongozi waliogopa kwamba migomo ya watu wachache wenye mishahara ingekula mali ya wakulima walio wengi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na wakulima wengi waliikubali. Hata hivyo yapasa isemwe wazi kwamba wafanyakazi hawakuulizwa kwa kura kama wanataka kubadilishana haki zao na faida zile. Waliambiwa faida, na gharama waliikuta baadaye.

Mwaka 1965, Kawawa akiwa Makamu wa Pili wa Rais, ulifanywa uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Wagombea walisimama wawili wawili, na kwa ajili ya wasiosoma kila mmoja alipewa alama, mmoja Jembe na mwenzake Nyumba. Alama hizo zilikusudiwa kuwatambulisha tu. Lakini mara watu walianza kuzipa maana, mwenye Jembe akidai kwamba bila jembe hapana chakula, na mwenye Nyumba naye akidai kwamba mkulima hulala ndani ya nyumba. Hakuna hata moja la maneno hayo lililohusu bei ya pamba au mshahara wa kiwandani. Wakulima wasomao habari hii watakiri kwamba picha ya jembe kwenye karatasi haijapata kulima shamba la mtu.

USHIRIKA UNAVUNJWA

Tunafika sasa mahali panapotuhusu sisi wanaushirika. Mzee Kawawa alikuwa Waziri Mkuu tena tangu mwaka 1972 hata mwanzoni mwa 1977. Mwaka 1976, katika wakati wake, serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote. Mali na kazi zao zikachukuliwa na mamlaka za mazao, na vijiji vikaambiwa kuwa ndivyo ushirika mpya, kwa mujibu wa sheria ya vijiji ya mwaka 1975.

Walioleta jambo hilo walikuwa na sababu. Katika vyama vingine makarani walipunja mizani, viongozi walikula fedha, na makato yalimaliza bei ya mkulima. Wanachama wenyewe walinung'unika, na manung'uniko yao ndiyo yaliyotumiwa kuwa ushahidi. Mkulima aliyekuwa na hasira juu ya karani mwizi aliambiwa kwamba sasa ataondolewa mwizi. Hakufafanuliwa kwamba ataondolewa pia Mkutano Mkuu, na Bodi aliyoichagua, na haki ya kumfukuza mwizi kwa kura yake mwenyewe.

Mamlaka za mazao hazikuwa nafuu. Malipo yalichelewa, gharama zilipanda, na mkulima hakuwa na mkutano wa kuuliza. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha vyama vya ushirika, na mwaka 1991 sheria nyingine ikakiri kwamba ushirika ni mali ya wanachama wenyewe. Vyama vilivyoanzishwa tangu hapo, pamoja na chetu, vimesimama juu ya kukiri huko.

JAMBO HILI SI LA KWETU TU

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya nchi maskini au ya zamani. Novemba 2020, katika jimbo la California huko Marekani, wananchi walipiga kura juu ya sheria moja ya kazi. Ilihusu madereva wanaoitwa kwa simu na kampuni kama Uber, Lyft na DoorDash, kazi ambayo siku hizi vijana wa Dar es Salaam nao wanaijua kwa magari, bajaji na bodaboda. Kampuni zilitumia zaidi ya dola milioni 200 kuwashawishi wapiga kura. Matangazo yalisema dereva atahakikishiwa ujira ulio juu ya kima cha chini, tena atabaki na uhuru wa saa zake.

Maandishi ya sheria yenyewe yalikuwa na mengine. Ujira huo ulihesabiwa kwa muda wa kumfuata na kumchukua abiria tu, wala si wa kumngoja. Dereva aliwekwa nje ya haki nyingi za mtu aliyeajiriwa. Na iliandikwa kwamba wabunge wa jimbo wasiweze kuirekebisha ila kwa kura saba katika kila nane. Watu wapatao 58 kwa mia walisema ndiyo. Wengi wao bila shaka walidhani wanamtendea dereva wema.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Baada ya Uwaziri Mkuu Mzee Kawawa alikuwa Waziri wa Ulinzi katika siku za vita vya Kagera, na baadaye akawa mtendaji mkuu wa Chama cha Mapinduzi. Watu walimpa jina la Simba wa Vita. Alisifiwa kwa bidii, utii na maisha yasiyo na anasa. Mkewe, Bibi Sofia Kawawa, alikuwa kiongozi mashuhuri wa umoja wa wanawake. Mzee alifariki katika hospitali ya Muhimbili tarehe 31 Desemba 2009, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa Madale, tarehe 2 Januari 2010. Wakati huo Madale ilikuwa bado mahali pa mashamba. Leo nyumba zimekwisha kuyasogelea.

Ndugu wanachama, na ninyi maofisa wetu, kutokana na maisha haya twaweza kuchukua maswali matatu ya kwenda nayo katika Mkutano Mkuu. Kwanza, tuulize ni nani aliyelipia matangazo, na anatazamia kupata nini. Pili, tusikubali kupigia kura muhtasari. Maandishi yenyewe yasomwe mbele ya wote, kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na asiyesoma aelezwe. Tatu, pindi tuonyeshwapo faida, tuulize ni haki gani itakayoondoka, na kama twaweza kuirudisha mwaka ujao tukiona tumekosea. Jambo lisiloweza kurudishwa lastahili kufikiriwa mara mbili.

Maofisa nao wasidhani maswali haya ni ya uadui. Mwaka 1976 ushirika ulikosa watetezi kwa sababu wanachama wengi walikwisha kuona kwamba kura zao katika vyama hazikuwa na maana. Chama ambacho wanachama wake huuliza na kujibiwa hakivunjiki kwa urahisi, kwa kuwa mwanachama hujua ni kitu gani anachotaka kunyang'anywa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, nasi atupe miaka kumi mingine ya kukutana, kusoma masharti yetu pamoja, na kupiga kura tukijua tunachokipigia.